Amfoteri Tumboni mwa Mama

Harufu yake ni ya peremende iliyotafunwa pamoja na chaki. Juzi kiungulia kilinishika, nikanunua chupa kwenye duka la dawa, na kabla sijafika kwenye kijiko mikono ilikuwa imeshaanza kuitikisa yenyewe, nikiwa nimeisogeza sikioni. Mume wangu akaniuliza, "Unasikiliza nini humo?" Nikamjibu kwamba nasikiliza kama yupo. Akacheka, akidhani ni utani. Mimi nafundisha kemia na najua kilichomo ndani ya chupa ile, lakini sikio langu limebaki kuwa la mtoto wa darasa la pili, na bado linaogopa.

Kama ulikua wakati mmoja na mimi, dawa hii unaikumbuka: nyeupe, nzito, tamu kidogo, dawa ya watu wazima wanaoumwa tumbo. Kwetu kijijini Lufingo chupa yake ilikaa kwenye dirisha la jikoni, kati ya kopo la chumvi na kopo la magadi. Ilikuwa chupa ya kioo cha rangi ya chai. Ikikaa bila kuguswa, weupe wote ulishuka chini, juu yakabaki maji. Ukiishika dhidi ya mwanga ungeapa kuna mtu mdogo amelala pale chini na kujifunika shuka.

Nyumba yetu ilikuwa mteremkoni, migomba imefika hadi ukuta wa jiko, na mvua ikinyesha majani yake yalipiga kelele kiasi kwamba ilibidi mtu aseme jambo mara mbili. Tulikuwa watatu: mama, dada yangu Tusa aliyekuwa kidato cha tatu, na mimi, Atu. Baba yetu, Ambokile, alikwenda Chunya kutafuta dhahabu nikiwa bado nabebwa mgongoni. Aliaga kwamba anarudi kabla ya mavuno ya maharage. Watu hawakusema amekufa, wala hawakusema amehamia. Walisema, "Ambokile ameyeyuka." Wengine walilisema huku wakicheka, wengine wakimwangalia mama kwa huruma, lakini neno lilikuwa hilohilo. Kwa hiyo mimi neno kuyeyuka sikulijulia kwenye mafuta ya kupikia wala kwenye sukari. Nililijulia kwa baba. Kuyeyuka ni kile mtu anachofanya akikuambia anarudi halafu harudi.

Tumbo la mama lilianza taratibu. Nilimwona anapulizia moto, ghafla anaacha, anabonyeza ngumi chini ya mbavu na kufumba macho. Ukimuuliza anasema, "Moshi." Lakini moshi haumfanyi mtu abonyeze mbavu. Kisha chupa ikaja. Alikuwa anaitikisa, anakunywa vijiko vyake, anakaa kwenye kigoda kimya, na baada ya kitambo uso wake ulikuwa unafunguka kama dirisha. Niliipenda chupa ile kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Nilijua bila kuambiwa kwamba ndiyo iliyomshikilia mama.

Sasa Tusa alikuwa na tabia ya kusoma kwa kutufundisha sisi. Alitoka shule, akavua viatu vyenye matope, akakaa na mama kumenya mbalaga, ndizi zetu za kupika, na kila alichofundishwa mchana tulikipata pale, kimechanganyika na maganda.

"Mama, leo tumeonyeshwa maajabu," alisema siku hiyo. "Dawa yako ile, jina lake alumini haidroksaidi."

"Dawa yangu jina lake dawa ya tumbo," mama akajibu.

"Sikiliza basi! Mwalimu kachukua maji yaliyoyeyushwa shabu, ile shabu ya dukani kwa Mama Rama. Kadondoshea kostiki ya kutengenezea sabuni, kidogo tu. Kikatokea kitu cheupe, kizito kama uji wa mgonjwa. Ndiyo hiyohiyo unayokunywa. Halafu kaongeza kostiki, ikayeyuka yote. Unaangalia hivi, huoni kitu! Akatengeneza nyingine, hii akaitilia asidi. Nayo ikayeyuka."

"Huku inayeyuka, huku inayeyuka," mama akasema. "Haina msimamo."

"Ndiyo jina lake hilo! Amfoteri. Akikutana na asidi anajifanya ukoo wa magadi, akikutana na ukoo wa magadi anajifanya asidi. Kote anayeyuka."

Mama alicheka hadi kisu kikamponyoka. "Amfoteri! Mtoto wa nani huyo? Wa kijiji kile cha Suma?"

"Wa Suma hasa. Hana mke, hana shamba."

"Na ndiye ninayemmeza kila siku, masikini mimi. Haya, akae humohumo anilindie tumbo."

Walicheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya mafiga, na sikucheka.

Ningekuwa mtoto wa mji mwingine, Amfoteri lingepita sikioni kama maneno mengine ya sekondari. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa Kinyakyusa. Jirani yetu wa juu aliitwa Ambilikile, maana yake Mungu ameniita. Aliyetufundisha nyimbo za Jumapili aliitwa Ambwene, Mungu ameniona. Baba alikuwa Ambokile. Jina la Amfoteri likakaa kwenye mstari huo bila kusukumana na mtu. Sikujua Mungu alikuwa amemfanyia nini yeye, lakini nilijua kwa hakika kwamba ni mtu, ni mwanamume, ni mweupe na mdogo, analala chini ya chupa, mama anammeza, naye anamlindia tumbo. Na nilijua kwamba ana tabia ya baba. Ukimgusa tu upande huu, anayeyuka. Ukimgusa upande ule, anayeyuka.

Hofu ya mtoto inapenda ushahidi, na wangu ulikuwa jikoni. Sufuria tuliyopikia maharage ilikuwa nyeusi ndani, nyeusi ya kijivu isiyotoka hata kwa kusugua na mchanga. Sufuria ya chai na ya ndizi hazikuwa hivyo. Nilimuuliza Tusa kwa nini.

"Magadi," akasema. "Sufuria nayo ni alumini, ndugu yake na dawa ya mama. Magadi yanaila polepole."

Hakuinua hata macho. Kwa mwanafunzi lilikuwa jibu fupi tu, na tena lilikuwa la kweli. Juu ya alumini kuna ngozi nyembamba sana inayoilinda, na ngozi hiyo nayo ni amfoteri. Maji ya magadi yanayochemka huitafuna na kuiacha sufuria nyeusi. Lakini mimi nilisikia kitu kingine. Nilisikia kwamba magadi yanakula ukoo wote wa Amfoteri, na kwamba sisi tulikuwa tunayatia kwenye maharage, na mama alikuwa anayala.

Tangu hapo sikuwa na amani na kopo la magadi. Mawe yale ya kijivu yalikuwa yanakaa bega kwa bega na chupa dirishani, na kila nikiingia jikoni niliyasogeza mbali. Nikirudi nilikuta yamerudishwa. Maharage yakiwekwa motoni nilimkazia macho mama.

"Mama, leo usitie magadi."

"Gwe Atu, wewe mtoto, maharage haya bila magadi utayatafuna mpaka Krismasi."

"Amfoteri atayeyuka."

"Basi ayeyuke," akasema mama, akivunja jiwe kwa mwiko. "Tutanunua mwingine."

Alisema kwa furaha tu, mzaha wa jikoni. Lakini mimi nililivuta kopo la magadi mbali naye, kwa sababu niliwahi kumsikia akimjibu shangazi hivyohivyo kuhusu baba: basi ayeyuke. Nikajua kwamba mama hajui hatari aliyonayo, na kwamba mtu pekee anayejua ni mimi.

Nikaanza kumkagua Amfoteri. Kila nikitoka shule niliishika chupa, nikaitikisa karibu na sikio. Ikiwa imejaa ilitoa mlio mzito, wa kushiba. Kadiri siku zilivyokwenda mlio ukawa mwepesi. Maji yalichezacheza. Mama alikuwa anakunywa mara nyingi kuliko zamani, akisimama, bila hata kutafuta kijiko, na ngumi yake haikutoka mbavuni.

Halafu siku moja, mvua ikiwa imekatika kidogo, nilimwona nyuma ya nyumba ameinama kwenye shina la mgomba. Alikuwa anatapika. Nilisogea bila yeye kunisikia, nikaona. Kilichotoka kilikuwa cheusi, chenye chembechembe kama masalia ya kahawa. Cheusi cha ndani ya sufuria ya maharage.

Mama alikifukia kwa udongo kwa kisigino, akajifuta mdomo kwa khanga, akageuka, akaniona.

"Nimekula vibaya," akasema. "Kachume mboga."

Nilikwenda kuchuma mboga. Magadi yameshafika kule, nikawaza. Yameanza kumla. Sikumwambia Tusa. Mtoto huamini kwamba jambo baya linangojea kutajwa tu ili liwe kweli, na mimi niliubana mdomo wangu kama anayeshikilia mlango upepo usiingie.

Leo nikieleza darasani huwa naanzia hapa, bila kuwaambia wanafunzi ni tumbo la nani. Damu ikivuja ndani ya tumbo na kukutana na asidi, hubadilika kuwa nyeusi. Ndiyo ile kahawa. Mama alikuwa na kidonda, na kidonda kilikuwa kinavuja. Dawa nyeupe ilimpunguzia asidi na kumpa nafuu ya saa chache, lakini haikuwa na uwezo wa kuziba pale palipochimbika. Nafuu ile ndiyo iliyomfanya asiende hospitali mapema. Magadi ya maharage hayakuhusika hata kidogo. Nilikuwa nimekosea kila kitu, isipokuwa jambo moja: kwamba mama anaondoka.

Siku yenyewe nilirudi kutoka shule mchana nikamkuta amekaa sakafuni jikoni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Chupa ilikuwa imelala kando yake, wazi. Niliiokota, nikaitikisa. Haikutoa sauti yoyote.

"Mwite Mama Rama," akasema mama. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama inatoka chumba cha pili.

Mama Rama alikuwa na duka chini barabarani. Babu yake alitoka pwani kuja kushona nguo Tukuyu, na yeye alikuwa anauza viungo, shabu, magadi, khanga na maneno. Mama alikuwa anamuuzia ndizi, na walikuwa marafiki wa kutukanana. Niliteremka ule mteremko wa udongo mwekundu kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu. Nilimkuta anabishana na dereva wa lori la Kenta aliyekuwa anapakia ndizi mbele ya duka.

"Salamu umeiacha wapi, bibi wee?" akaniuliza. "Siku hizi shikamoo inalipiwa?"

"Amfoteri ameyeyuka!" nikasema. Nilikuwa nimeshikilia chupa tupu.

"Nani?"

"Amfoteri! Alikuwa tumboni mwa mama. Ameyeyuka, sasa mama yuko chini na kunatoka vitu vyeusi."

Nakumbuka jinsi uso wa Mama Rama ulivyobadilika. Alimtazama dereva, akanitazama mimi, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Ya Rabi! Alikuwa tumboni? Mama Tusa alikuwa na mimba?"

Mimba sikuijua vizuri. Nilijua tu kwamba ni mtu kuwa tumboni, na Amfoteri alikuwa mtu na alikuwa tumboni. "Ndiyo," nikasema.

"Na baba wa mimba hiyo ndiye huyo Am… Amfoteri? Amekimbia?"

"Ndiyo, ameyeyuka."

"Wanaume!" akalia Mama Rama, tayari amevaa kandambili. "Wewe dereva, shusha hizo ndizi zilizo mbele. Geuza gari."

"Mama, mzigo huu unasubiriwa Uyole…"

"Ndizi zitasubiri, mimba haisubiri! Mwanamke anatokwa damu pale juu, nawe waniambia Uyole? Geuza!"

Dereva akageuza. Mara nyingi nimejiuliza ingekuwaje kama ningesema ukweli kwa usahihi, kwamba mama anaumwa tumbo. Kila mtu barabarani alijua mama anaumwa tumbo. Mama Rama angenipa kipande cha tangawizi na kuniambia nimpelekee salamu, atapita jioni akishafunga.

Walimbeba mama kwenye khanga, wakamweka kwenye kiti cha mbele, Mama Rama akimshikilia. Mimi nilipanda nyuma juu ya mikungu ya ndizi. Gari lilipopiga kona nilizama kati ya mikungu, utomvu ukinishika mikononi, na kupitia kioo kidogo cha nyuma niliona kichwa cha mama kikiyumba kama cha mtu anayekubali kila anachoambiwa. Mvua ilianza tena. Mlima Rungwe haukuonekana, ulikuwa umefunikwa wote. Nilifunga mdomo wa chupa kwa kidole gumba njia nzima hadi hospitali ya Igogwe, ili kama amebaki hata kidogo asitoke.

Hospitalini walimpeleka ndani, mlango ukafungwa. Mama Rama alizungumza na muuguzi kwa sauti ya chini ambayo watu wote kwenye benchi waliisikia: mimba, damu, mwanamume amekimbia. Muuguzi aliingia, akakaa, akatoka.

"Mama, huyu hana mimba. Ana kidonda cha tumbo kinavuja damu. Huyo Amfoteri ni nani?"

Wote wawili wakanigeukia. Niliinyoosha chupa. Muuguzi aliitazama, akasoma karatasi yake, akamtazama Mama Rama. Mdomo wake ulitetemeka kidogo, lakini hakucheka, na hilo lilinitisha kuliko kitu kingine. Nilijua watu wazima hawacheki mahali ambapo mtu anaweza kufa.

"Umefanya vizuri kumleta haraka," akaniambia. "Sasa tunamwongezea damu. Tusubiri."

Neno lile, tusubiri, lilikaa na sisi kwenye benchi kama mtu wa tatu. Mama Rama alikuwa anavuta tasbihi yake. Kila mlango ulipofunguliwa nilisikia harufu ya spiriti.

Tusa alifika na sare ya shule, amelowa hadi kiunoni. Mama Rama alimnong'oneza, naye akaja akakaa karibu yangu, akaichukua ile chupa mkononi mwangu. Ilibidi anifungue vidole kimoja kimoja.

"Atu. Ulidhani Amfoteri ni mtu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na ulidhani akiyeyuka, mama anabaki peke yake."

Nikaanza kulia. Tusa hakunicheka. Alianza kueleza polepole, na nadhani ndipo nilipoanza kuwa mwalimu, kwenye benchi lile.

"Sikiliza. Ni unga tu wa dawa. Na kuyeyuka ndiyo kazi yake. Tumboni kuna asidi nyingi, inamchoma mama. Ule weupe unaikuta asidi, unaishika, vinamalizana. Usingeyeyuka usingemsaidia. Kila alipopata nafuu, ni kwa sababu uliyeyuka."

"Halafu unakwenda wapi?"

"Hauendi popote. Umo mlemle ndani ya maji, ila huuoni. Mwalimu alituonyesha. Ile iliyoyeyuka kwenye kostiki, tulidondoshea asidi tone kwa tone, taratibu, ikarudi. Nyeupe vilevile. Ukizidisha asidi inayeyuka tena, lakini imo."

Niliwaza sana juu ya hilo. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mlango ulikuwa bado umefungwa.

"Kwa hiyo baba naye tukimdondoshea…"

Tusa alikuwa ameangalia sakafu, maji yakichuruzika kutoka kwenye sketi yake.

"Baba hakuyeyuka, Atu," akasema. "Watu wanasema hivyo tu. Baba aliondoka."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Liliuma, lakini liliuma mahali pamoja tu, na palikuwa na mwisho wake. Kuyeyuka kulikuwa kitu kimoja, kuondoka kitu kingine. Nikautazama mlango na kwa mara ya kwanza nikajua ninaogopa nini hasa.

Ulipofunguliwa, muuguzi alimwita Tusa kwanza. Nilihesabu hilo kuwa baya. Kisha akaniita na mimi. Mama alikuwa amelala, mrija mwekundu umeingia mkononi, midomo bado ya majivu. Alifumbua macho, akanitafuta, akanipata.

"Gwe Atu," akasema kwa ile sauti ya chumba cha pili. "Unawaambia watu wote wa barabarani nina mimba ya Amfoteri?"

Mama Rama aliangua kilio na kicheko kwa pamoja.

Mama alipona taratibu, kwa dawa nyingine, na mpaka leo anauza ndizi. Nikimpigia simu huniuliza kwanza kama yule Amfoteri wake wa Suma hajambo. Mimi namjibu hajambo. Halafu nasikiliza anavyopumua, na yeye, ambaye anajua ninachofanya, anakohoa makusudi ili nimsikie kwamba yupo.